Udongo wa Mawe wa Vilima vya Nyasi: Matabaka Yake na Tabia Zake

Mtu apitaye katika vilima vya Ukambani, kutoka Mua na Iveti hata Mbooni na Kilungu, huona miteremko mingi iliyofunikwa na nyasi, na katikati ya nyasi hizo mawe yametokeza kama migongo ya ng'ombe waliolala. Mwenye mahali kama hapo hujiuliza kila mwaka mvua zinapokaribia: Je, palimwe mahindi, au paachwe pawe malisho? Jirani mmoja humwambia kwamba udongo ni mwekundu na mzuri, na nyasi zake ni ndefu, basi hata mahindi yatasitawi. Jirani mwingine humwambia kwamba mahali pa mawe ni mahali pa mbuzi tu. Wote wawili huenda wakawa wamekosea, kwa kuwa wote wawili wametazama juu ya ardhi tu. Jibu la swali hilo limo chini ya nyasi, na kila mtu mwenye jembe na sururu aweza kulitafuta mwenyewe.

KUCHIMBA SHIMO LA KUTAZAMIA

Njia iliyo bora ya kuujua udongo ni kuchimba shimo. Upana wa mita moja kila upande watosha, na kina chake kiwe mita moja au mpaka mwamba ufikiwe. Ukuta mmoja wa shimo, ule uelekeao jua, ukatwe wima kwa beleshi, kisha uchokolewe kidogo kwa kisu ili rangi na mizizi ionekane sawasawa. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, na udongo wa chini upande mwingine, ili wakati wa kufukia kila mmoja urudi mahali pake. Shimo lisiachwe wazi usiku, kwani watoto na mifugo huweza kutumbukia.

Mtu atazamapo ukuta huo ataona kwamba udongo si kitu kimoja. Umepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina rangi yake, ugumu wake na kazi yake.

TABAKA LA KWANZA: UDONGO WA JUU

Tabaka la juu lina rangi ya kahawia au nyeusi kidogo kuliko lile la chini yake. Weusi huo watokana na mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na wadudu yaliyooza. Katika vilima vya nyasi mboji nyingi hutoka chini, si juu. Kila mwaka sehemu ya mizizi myembamba ya nyasi hufa na kuoza humo humo ardhini, na mizizi mipya huota mahali pake. Kwa sababu hiyo udongo wa mahali penye nyasi nzuri hushikana katika punje punje ndogo kama ulezi, na katikati ya punje hizo kuna nafasi za hewa na maji.

Tabaka hili ndilo jembamba kuliko yote, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Mahali penye mteremko mkali huenda likawa na unene usiozidi shubiri moja, na mahali palipokwisha kuchukuliwa na maji halipo kabisa. Sehemu kubwa ya naitrojeni ambayo mimea huhitaji imo katika mboji yake. Tabaka hili likiondoka, chakula cha mimea kimeondoka pamoja nalo.

TABAKA LA PILI: UDONGO MWEKUNDU

Chini ya udongo wa juu mara nyingi pana udongo mwekundu au wa rangi ya machungwa. Wekundu huo ni kutu. Miamba ya vilima hivi ina chuma ndani yake, na mwamba unapooza kwa muda mrefu, chuma hicho hukutana na hewa na maji kikapata kutu kama panga lililoachwa mvuani. Wekundu wa udongo haumaanishi kwamba una rutuba. Wamaanisha tu kwamba maji hupita ndani yake na hewa huingia.

Tabaka hili lina mfinyanzi mwingi kuliko lile la juu, kwa kuwa maji ya mvua huuchukua mfinyanzi ulio mwembamba sana kutoka juu na kuuteremsha polepole. Mfinyanzi huo ni kama ghala, maana hushika maji na chumvi za chakula cha mimea, zisipotelee chini. Lakini udongo mwekundu wa vilima vya Ukambani kwa kawaida una mboji chache, na fosfori yake ni haba. Mtu akilima juu yake bila samadi kwa miaka mingi, mavuno hupungua mwaka hata mwaka.

TABAKA LA TATU: MSTARI WA MAWE

Hapa ndipo sururu huanza kulia. Katika mashimo mengi ya vilima hivi huonekana mstari wa mawe, aghalabu mawe meupe magumu yenye pembe kali, yaitwayo kwatzi, pamoja na changarawe ya murramu. Watu wengi hustaajabu kwa nini mawe yamejipanga kama kwamba yalipangwa kwa mkono.

Sababu zake ni zaidi ya moja, lakini mbili zajulikana vema. Ya kwanza ni kwamba kwatzi haiozi upesi kama mawe mengine. Mwamba uliokuwa umeizunguka huoza na kuwa udongo, udongo huo huchukuliwa na maji, na kwatzi hubaki nyuma ikijikusanya. Ya pili ni kazi ya mchwa. Mchwa huchukua chembe ndogo za udongo kutoka chini na kuzipandisha juu kujengea vichuguu na njia zao, lakini hawawezi kubeba jiwe. Vichuguu huanguka, udongo wake mwororo hutawanyika juu ya ardhi, na kwa muda wa maelfu ya miaka mawe huachwa chini ya blanketi la udongo mwembamba. Kwa hiyo mahali ambapo mstari wa mawe umetokeza juu kabisa, hiyo ni dalili mbaya. Mara nyingi maana yake ni kwamba blanketi lililokuwa juu yake limekwisha kuchukuliwa.

TABAKA LA NNE NA LA TANO: MWAMBA ULIOOZA NA MWAMBA MZIMA

Chini ya mawe pana mwamba uliooza. Ukitazamwa kwa mbali hufanana na jiwe, na mistari ya jiwe bado yaonekana ndani yake, lakini hubomoka mkononi. Mizizi ya miti hupenya humo kutafuta maji wakati wa kiangazi. Chini yake tena ndipo ulipo mwamba mzima. Katika vilima vingi vya Machakos mwamba huo ni naisi, jiwe la kale sana lenye mistari ya rangi nyeupe na nyeusi. Huyo ndiye mama wa udongo wote ulio juu yake. Lakini ni mama azaaye polepole mno, kwani huweza kupita mamia ya miaka kabla mwamba wa namna hiyo haujafanya udongo wa unene wa sentimita moja.

MNYORORO WA KILIMA

Haifai kuchimba shimo moja tu na kudhani kwamba shamba zima limejulikana. Udongo wa kilele si udongo wa ubavuni, wala udongo wa ubavuni si udongo wa bondeni. Jambo hili lilielezwa vizuri na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Mwaka 1935 aliupa mpango huo jina la "katena", neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Pete za mnyororo zaning'inia pamoja toka juu hata chini, na ndivyo udongo wa kilima ulivyo.

Juu kabisa, mahali pa mteremko mkali, udongo ni mfupi na mawe ni mengi. Chini kidogo udongo mwekundu huwa na kina zaidi. Chini kabisa, mahali maji yanapokusanyika, mara nyingi udongo huwa mweusi, mzito, unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Kinachopotea juu huonekana chini. Kwa hiyo mtu wa juu na mtu wa bondeni wana shauri moja, hata kama mashamba yao yana wenyewe mbalimbali. Mtu wa juu akiuachilia udongo wake uende, mtu wa bondeni atafukiwa miche yake kwa mchanga na changarawe.

MAWE YADHURU NINI, NA YAFAA NINI?

Jiwe halishiki maji ya kunywa mimea. Hiyo ndiyo hasara yake kubwa. Chukua mfano. Udongo mzuri usio na mawe, wenye kina cha sentimita 60, na ambao kila sentimita moja yaweza kuwapa mimea milimeta moja ya maji, huweka akiba ya milimeta 60. Sasa, udongo huo huo ukiwa na mawe sehemu 40 katika kila 100, akiba hushuka hata milimeta 36. Na kama kina chake ni sentimita 30 tu, akiba ni milimeta 18. Mahindi yaliyofikia wakati wa kutoa mbelewele, jua likiwa kali, huweza kutumia milimeta 5 kwa siku. Basi mvua ikikatika, shamba la kwanza litavumilia siku 12, la pili siku 7, na la tatu siku 3 na nusu tu. Mvua ni moja, mbegu ni moja, na mkulima ana bidii ile ile, lakini mavuno hayawezi kuwa sawa.

Hii ndiyo sababu nyasi ndefu humdanganya mtu. Maji yakiisha, nyasi za asili hunyauka juu zikalala, na shina lake chini hubaki hai likingojea mvua. Mahindi hayawezi kulala. Hata mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos kwa ajili ya nchi yenye mvua chache, huukimbia ukame kwa kukomaa mapema, lakini hayawezi kunywa maji yasiyokuwapo.

Hata hivyo mawe yana faida yake. Mawe yaliyolala juu ya ardhi huzuia matone ya mvua yasiupige udongo, na hupunguza kukauka kwa udongo ulio chini yake. Mtu akiinua jiwe asubuhi wakati wa kiangazi, mara nyingi huona kwamba chini yake pana unyevu kuliko mahali palipo wazi. Kwa hiyo kuokota kila jiwe shambani na kulitupa si shauri jema sikuzote.

TONE LA MVUA NA GAMBA LA ARDHI

Mvua za nchi hii hunyesha kwa majira mawili, Machi hata Mei, na Oktoba hata Desemba. Mara nyingi dhoruba za kwanza huja kwa nguvu wakati ardhi iko wazi baada ya kiangazi. Tone zito likipiga udongo mtupu huzivunja zile punje ndogo, na chembe zake huziba matundu. Jua likitoka, sehemu ya juu hukauka ikawa gamba gumu. Mvua ifuatayo haiwezi kuingia, nayo hukimbia juu ya ardhi ikichukua udongo.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimeta moja juu ya ekari moja ni lita 4,000 hivi, yaani karibu madebe 200 ya lita 20. Dhoruba ya milimeta 40 huleta madebe 8,000. Nyasi zikiwapo, sehemu kubwa huingia ardhini. Nyasi zisipokuwapo, sehemu kubwa huteremka kwa haraka. Na maji hayo yakichukua unene wa milimeta moja tu ya udongo, ambao jicho haliwezi kuutambua, ekari hiyo imepoteza tani 5 hivi, mzigo wa kutosha lori. Mwenye shamba hulala usiku akishukuru kwa mvua, wala hajui kwamba lori limepita shambani mwake gizani.

MAMBO YALIYOTUKIA MACHAKOS

Habari za Machakos zafaa kukumbukwa kwa sababu zafundisha pande mbili. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa juu ya jinsi ardhi ya Ukambani ilivyoharibika, na makorongo na miteremko mitupu ilionekana kila mahali. Serikali ya wakati ule iliona kwamba mifugo ni mingi kupita kiasi, na mwaka 1938 ikachukua ng'ombe za watu kwa nguvu ili wauzwe. Lakini Wakamba walikuwa wamekwisha kupoteza malisho mengi yaliyotolewa kwa walowezi, na ng'ombe ndio waliokuwa akiba yao na mahari yao. Mwezi wa Julai 1938 watu wengi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana asikilize shauri lao. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu.

Udongo ulikuwa ukipotea kweli, na watu walikuwa wakidhulumiwa kweli. Kwa kuwa mambo hayo mawili yalichanganywa, kwa muda mrefu kila aliyetaja hifadhi ya udongo alidhaniwa kuwa amekuja kuchukua ng'ombe. Mafanikio makubwa yalikuja baadaye, watu walipojenga matuta kwa hiari yao, wakisaidiana kwa vikundi vya mwethya, ambavyo wanawake walikuwa nguzo yake. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa Machakos, waliokuwa karibu 240,000 mwaka 1932, walifikia karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Ardhi ile ile iliyodhaniwa kufa ilipata uzima kwa mikono ya wenyewe.

KUAMUA NA KUTENDA

Mtu akiisha kutazama shimo lake, aweza kuamua kwa mambo matatu: kina cha udongo, wingi wa mawe, na ukali wa mteremko.

Kwanza, mahali ambapo mwamba au mstari wa mawe uko karibu sana na juu, na mteremko ni mkali, haifai kulima. Paachwe nyasi. Lakini kuacha nyasi si kuacha kazi. Malisho yagawanywe sehemu, na kila sehemu ipumzishwe ili nyasi zipate kuchanua na kutoa mbegu. Mifugo isiingizwe mara mvua zinapoanza, kwa kuwa chipukizi bado ni changa na mizizi haijapata nguvu. Mahali palipokwisha kuwa patupu, gamba livunjwe kwa jembe, mbegu za nyasi za nchi hiyo hiyo zipandwe, na matawi ya miiba yatandazwe juu kuzuia mbuzi.

Pili, mahali penye kina cha wastani na mawe mengi, mawe yapangwe mistari ya kukingama mteremko. Mistari hiyo lazima iwe sawa kabisa, isiinuke wala isiinamie upande, ama sivyo itakuwa njia ya maji. Kipimo chake chaweza kufanywa nyumbani kwa miti miwili ya urefu mmoja iliyofungwa juu, mti wa tatu ukikingama katikati kama herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia toka juu. Uzi ukilala katikati ya mti unaokingama, miguu miwili iko usawa mmoja. Hapo pagongwe kigingi, kisha kipimo kisogezwe mbele.

Tatu, mahali penye udongo wa kina, pachimbwe matuta ya "fanya juu". Mtaro wa upana na kina cha sentimita 60 hivi huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa ukingo. Nyasi hupandwa juu ya ukingo, na miaka ipitapo shamba hujisawazisha lenyewe likawa kama ngazi. Kazi hii ni nzito, na mtu mmoja huikatia tamaa, lakini kikundi huimaliza. Samadi ipelekwe hapa kwanza, wala isitawanywe shamba zima, kwa kuwa hapa ndipo maji yapo ya kuifanya izae.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini wekundu wa udongo si dalili ya rutuba?
2. Mchwa wana kazi gani katika kuufanya mstari wa mawe?
3. Udongo wenye kina cha sentimita 50 na mawe sehemu 20 katika kila 100 waweza kuweka milimeta ngapi za maji, kwa kipimo cha mfano uliotolewa juu? (Jibu: milimeta 40.)
4. Kwa nini nyasi huweza kusitawi mahali ambapo mahindi hukauka?
5. Mtu wa kilimani na mtu wa bondeni wana shauri gani moja?

Wazee husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Udongo nao hujazwa hivyo, chembe kwa chembe, kwa muda ambao hakuna mtu awezaye kuungojea. Lakini kibaba kilichojazwa kwa miaka elfu huweza kumwagwa kwa misimu michache. Basi mwenye kilima cha nyasi na mawe achimbe shimo lake kwanza kabla hajachukua jembe, naye atajua ni mahali gani pa kulima, ni mahali gani pa kulisha, na ni mahali gani pa kuacha pumziko.